Rio Grande: Mto wa Mikungu na Wageni

Kingston, mji mkuu wa Jamaika, uko kusini mwa kisiwa. Ukivuka milima ukafika wilaya ya Portland, kaskazini mashariki, unaingia nchi nyingine kabisa: migomba, mishelisheli na minazi kila upande, na mawingu yasiyobanduka vileleni. Upepo wa kaskazini mashariki hutoka baharini na unyevu wake, hukutana na milima ya Blue Mountains, inayofika mita 2,256, ukatua mzigo wake kama mvua. Mvua hiyo ndiyo inayoulisha mto Rio Grande.

Safari ya mtoni huanzia Berrydale. Ukingoni hupangwa vyelezo vya mianzi iliyofungwa ubavu kwa ubavu, vyembamba, urefu wa karibu mita 9, na nyuma kila kimoja kina kiti cha watu wawili. Mwendeshaji, anayeitwa kapteni, husimama mbele na upondo mkononi. Injini hakuna. Maji yakienda kasi hukiachia chelezo kiteleze, akigusa jiwe hapa na pale kukiepusha; maji yakitulia huukita upondo kwenye changarawe na kusukuma. Mvuvi yeyote wa pwani yetu angeitambua kazi hiyo papo hapo.

Ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu. Mahali panapoitwa Lovers' Lane miamba hubana mto, na chelezo hupenya katikati yake polepole. Njiani kina mama hupika kwa kuni kando ya maji: supu ya kamba wa mtoni, na wali uliopikwa pamoja na maharage kwa tui la nazi. Umetoka mbali kiasi hicho, ukakaribishwa chakula unachokijua!

Lakini chelezo hiki hakikubuniwa kwa matembezi. Katika miaka ya 1870 nahodha Mmarekani, Lorenzo Dow Baker, alisafirisha ndizi za Jamaika kwenda Boston, na Port Antonio ikageuka bandari kubwa ya ndizi. Mashamba yaliyokuwa ndani ya bonde yaliiteremsha mikungu yao kwa mto, juu ya vyelezo kama hivi. Mwigizaji Errol Flynn, aliyefika mwaka 1946, ndiye anayetajwa kuwafundisha wageni kupanda chombo hicho cha wakulima.

Juu zaidi bondeni kuna Moore Town, kijiji cha Wamaroon, wazao wa Waafrika waliovunja minyororo ya utumwa na kujificha milimani. Chini ya Nanny, mwanamke shujaa ambaye leo sura yake iko kwenye noti ya dola 500, walipigana hadi Waingereza wakakubali kufanya mkataba na Wamaroon mwaka 1739. UNESCO iliuorodhesha urithi wa Moore Town mwaka 2008, na milima yenyewe mwaka 2015. Kwa msomaji wa Afrika, maji haya yanashuka kutoka kwenye ngome ya ndugu zake.

Safari huishia St. Margaret's Bay, mto unapokutana na bahari. Mgeni hushuka, akapanda gari. Kapteni hubaki na chelezo chake, kwani mto hushusha tu, haupandishi. Mpe bakshishi kwa mikono miwili: umebebwa na ufundi uliolisha familia za bonde hili tangu enzi za mikungu.