Mtoto yuko ICU, mzazi anauguzwa na nani?

Saa kumi jioni. Umeshuka kwenye kifodi toka Sakina, mkononi una mfuko wa machungwa, unakwenda kumwona mshikaji wako ambaye mtoto wake kalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Unamkuta kwenye benchi la nje, macho mekundu, sweta lile lile la tangu juzi. Unakohoa kidogo, unatafuta la kusema, mwisho linakutoka lile la siku zote: "Jikaze bwana, wewe ni mwanaume."

Msomaji wangu, hapo umemsaidia au umemwongezea mzigo?

Tuambiane ukweli. Wengi wetu sasa tumeanza kuitwa baba fulani na mama fulani. Kama haijakukuta wewe, itamkuta shemeji, jirani au mwenzako wa kazini. Mtoto aliye ndani ana madaktari, wauguzi na mashine. Huyu wa kwenye benchi naye anaumwa, ila hana kitanda wala faili.

Kinachomkata maini

Tunadhani kinachomtesa ni hofu ya kifo peke yake. Hofu ipo, tena kubwa. Lakini watafiti waliozungumza na wazazi wa namna hii wamekuta jambo jingine linalouma sana: kunyang'anywa kazi yake ya kuwa mzazi. Juzi alikuwa anamlisha mwanawe, anamwogesha, akilia anambeba. Leo anamwona ana mipira puani, na hata kumgusa lazima aombe ruhusa.

Halafu kuna zile mashine. Ikilia tiii, moyo unaruka, kumbe mara nyingi ni kile kifaa cha kupimia oksijeni kimechomoka kidoleni. Muuguzi akitumia dakika moja tu kumweleza hilo, mama wa watu atapata walau usingizi kidogo.

Somo la Lucky Vincent

Sisi wa Arusha tuna somo ambalo hatulisahau. Tarehe 6 Mei 2017, basi la Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, likiwa na wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walinusurika na majeraha makubwa, wakatibiwa Hospitali ya Mount Meru. Mei 14 wakapaa toka KIA kwenda kutibiwa Sioux City, Marekani.

Lakini ndege ile haikubeba majeruhi tu. Kila mtoto alikwenda na mama yake, tena walifuatana na daktari na muuguzi wa Mount Meru. Hebu jiweke hapo: uko ugenini, mwanao kitandani, lugha si yako, halafu yupo mtu wa nyumbani wa kukwambia kwa Kiswahili nini kinaendelea. Agosti 18 mwaka huo huo watoto wote watatu walirudi nyumbani.

Na hili si suala la huruma tu. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili. Vichanga waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliwekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungojea kwanza hali itulie. Vifo vilipungua kwa robo. Ili hilo liwezekane, mama alipewa kitanda ndani ya wodi hiyo hiyo ya mahututi. Yaani mama si mgeni pale, ni sehemu ya dawa.

Sasa wewe ufanye nini?

Kwanza, punguza maneno. Usimhadithie mtoto wa fulani aliyekufa kwa ugonjwa huo huo, wala usimwambie "mtapata mwingine". "Pole, nipo hapa" inatosha. Kisha kaa.

Pili, usiulize "nikusaidie nini?" Mtu hajui hata leo ni Jumatano au Alhamisi, atakujibu nini? Chagua kazi mwenyewe. Peleka chupa ya mtori wa moto na shuka zito, maana baridi ya Arusha ya Juni na Julai unaijua. Mchajie simu. Wapeleke shule watoto waliobaki nyumbani. Kama wanatoka Usa River au Ngaramtoni, nauli ya kila siku nayo ni bili.

Tatu, ukoo uchague msemaji mmoja wa kupokea simu. Kurudia habari hiyo hiyo kwa mashangazi ishirini ni adhabu.

Nne, mpe daftari aandike maswali ya kumwuliza daktari. Na la kwanza liwe hili: "Mimi naruhusiwa kumfanyia nini mwanangu?" Kumshika mkono, kumwimbia, kukamua maziwa, chochote atakachoruhusiwa kitamrudishia uzazi wake.

Tano, baba. Huyu tunamkumbuka wakati wa kulipa tu. Mpeleke akanywe chai, na akitaka kulia mwache alie. Bili ikimzidi, mwongoze kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Mwisho, usipotee mtoto akisharuhusiwa. Mzazi anaweza kukaa miezi anaota ndoto mbaya na kushtuka kila kinapolia kitu. Ikizidi, hiyo nayo ina daktari wake. Na kama Mungu kamchukua mtoto, rudi hata baada ya matanga, wakati nyumba imeshakuwa kimya.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli, wewe huujui. Basi ukifika kwenye lile benchi usijifanye unaujua. Kaa, menya chungwa moja, mpe kipande, mngoje aanze yeye.