Kiboko, si mamba, ndiye hofu ya wapiga kafi Zambezi

WATALII wanaoteremka Mto Zambezi kwa kayaki na mitumbwi myembamba huonywa kuhusu mnyama mmoja kabla ya mwingine yeyote, naye si mamba. Ni kiboko, mla nyasi ambaye kwa unene wake na ufupi wa miguu yake huwahadaa wageni wengi wakamdhania mzembe.

Safari hizi hufanywa sana chini ya Bwawa la Kariba, ambako mto ni mpana na umetulia. Ukingo wa kaskazini uko Zambia, penye mbuga ya taifa ya Lower Zambezi. Wa kusini uko Zimbabwe, penye mbuga ya Mana Pools, iliyotiwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka wa 1984.

Chombo kisicho na injini hakina kishindo, na hiyo ndiyo siri ya utamu wa safari yenyewe. Ndovu huendelea kuvuka kuelekea visiwani pasipo kushtuka, nyati na kuro hunywa maji hatua chache tu kutoka kwa wasafiri, naye kwazi hulia kutoka juu ya mti. Ifikapo Septemba, maji yakiwa yamepungua, ndege aina ya keremkerem huchimba matundu mengi katika kuta za udongo za ukingo na kutaga humo.

Lakini ukimya huo huo ndio hatari. Kiboko asiyesikia mtumbwi ukija hushtuka, na akishtuka hukimbilia penye kina. Chochote kilicho baina yake na kina hicho hukumbwa. Dume huweza kupita kilo 1,500, na meno yake ya mbele hutoboa ubao bila taabu.

Mchana kiboko hushinda majini kwa sababu ngozi yake hupoteza unyevu upesi akiwa juani. Usiku hutoka kula nyasi, zipatazo kilo 40, kisha hurejea kabla ya jua kupanda. Ndani ya maji dume hulinda eneo lake kwa ukali, ilhali malishoni hajali sana jirani yake. Kinyume na wengi wanavyoamini, haogelei hasa, bali hutembea na kuruka-ruka juu ya sakafu ya mto.

Kwa hivyo kiongozi wa safari hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili viboko waibuke, kisha huwahesabu. Akiwa ameona vichwa sita na sasa anaona vitano, hupumzisha kafi na kungoja. Kiboko huweza kuzama kwa takriban dakika tano. Kundi likiwa kwenye kina, yeye hupita kwenye maji ya kina kifupi kando ya ukingo. Anayehofiwa zaidi ni dume mzee aliyefukuzwa kundini, anayejificha peke yake katika vijito vya pembeni, kwani hakuna mwenzake wa kumfichua.

Mamba naye hana mengi: usiogelee, wala usining'inize mkono nje ya chombo.

Wavuvi wa Ziwa Naivasha na Ziwa Victoria wanamjua kiboko huyo huyo, ila wao hawana kiongozi wa kuwahesabia vichwa, wala si watalii wa kuahirisha safari. Wengi hutega nyavu magharibi au alfajiri, saa zile zile anazotoka na kurudi, huku mashamba na majengo yakizidi kuziba njia zake za kwenda malishoni.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 ilimtaja kiboko miongoni mwa wanyama ambao wakiua mtu, familia yaweza kudai fidia ya Sh5 milioni. Kudai ni jambo moja na kulipwa ni jingine, na malalamiko ya familia zilizongoja miaka mingi si mageni kwa wakazi wa kandokando ya maziwa hayo.