Mtoto akiangukia kidevu, usiangalie kidonda tu: Jinsi taya linavyogandana

Mtoto ameanguka mtini, kidevu kimechanika. Zahanati wanamshona, kidonda kinapona, mnasahau. Miezi inapita, halafu unagundua hawezi tena kung'ata andazi. Hata kijiko kinaingia kwa shida.

Kwa watoto wengi, taya kugandana huanza hivyo. Kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya sikio. Weka kidole hapo ufungue mdomo, utakisikia kikicheza. Kidevu kikigonga chini, pigo husafiri mpaka hapo na linaweza kuvunja mfupa bila alama yoyote nje. Damu huvujia ndani ya kiungo, mfupa mpya unaota, na taya linashikana na fuvu. Usaha wa sikio usiotibiwa nao unaweza kufika hapo, na baridi yabisi pia.

Kwa hiyo mtoto akiangukia kidevu, mwambie daktari akague na taya, apigwe picha ikibidi. Nyuzi peke yake hazitoshi.

Shida haiishii kwenye kula. Taya lililoganda utotoni halikui vizuri: kidevu kinabaki kidogo, uso unapinda, usiku mtoto anakoroma hadi pumzi inakatika. Meno yanaoza maana mswaki haufiki.

Unaweza kujipima nyumbani. Kwa kawaida mdomo hupitisha vidole vitatu vya mwenyewe, vikipangwa kimoja juu ya kingine. Ila mdomo uliokaza ghafla ni habari nyingine: huenda ni jipu la jino au pepopunda, na hapo ni hospitali leo leo.

Taya lililoshikana mfupa kwa mfupa halifunguki kwa kuchuliwa wala dawa. Ni upasuaji. Daktari bingwa wa kinywa na taya hukata mfupa ulioshikana, kisha huweka nyama au mafuta ya mgonjwa mwenyewe katikati. Kwa mtoto, kipande cha ubavu chenye gegedu kinaweza kutumika kujenga kiungo kipya, kwa kuwa huweza kuendelea kukua. Hata kumlaza usingizi ni kazi: mdomo haufunguki, hivyo bomba la hewa mara nyingi hupitia puani.

Halafu yanakuja mazoezi, na hapa ndipo wengi hukwama. Vijiti bapa hupangwa kati ya meno, vikiongezwa kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, kwa miezi. Yanauma. Mtoto atalia na wewe utamhurumia, lakini mkiacha, mfupa unaweza kuota upya, na upasuaji wa pili huwa mgumu zaidi. Kabla hamjaruhusiwa kwenda nyumbani, uliza: vijiti vingapi, mara ngapi kwa siku, na mpaka lini?