Prednisoloni Haiachwi kwa Siku Moja

Mgonjwa wa lupasi au baridi yabisi akishatumia prednisoloni kwa miezi kadhaa, mara nyingi kinachomkera si ugonjwa tena, ni kioo. Mashavu yamejaa, tumbo limetoka. Viungo haviumi, anajiona amepona, basi anaachana na vidonge. Siku chache baadaye analetwa kliniki ameshikwa mkono: chakula hakipiti, mwili mzima unauma, akisimama anaona giza.

Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo, adrenali. Hutengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia shinikizo la damu, inayozuia sukari isishuke, na inayoupa mwili uwezo wa kuhimili homa, ajali au upasuaji. Amri ya kuitengeneza hutoka kwenye ubongo. Prednisoloni inafanya kazi ile ile, hivyo ubongo ukiona damu imeshiba, huacha kutuma amri, na tezi zisizotumwa husinyaa. Ni kama mguu uliotolewa hogo: mfupa umeunga, lakini msuli umekonda na hauwezi kubeba mwili siku hiyo hiyo.

Aliyepewa dawa hii kwa siku tano au saba kwa sababu pumu imembana, kwa kawaida huacha bila shida. Tahadhari inaanza matumizi yakipita wiki tatu au nne.

Kotisoli ambayo mwili hujitengenezea kwa siku inalingana na takriban miligramu 5 za prednisoloni, yaani kile kidonge kimoja kidogo. Kwa hiyo kutoka 40 kwenda 20 daktari anaweza kushusha miligramu 5 au 10 kila wiki moja au mbili, akichunga zaidi ugonjwa usirudi. Ukikaribia 5 mambo yanabadilika, maana sasa tezi zinatakiwa ziamke. Hapo mara nyingi tunashuka miligramu 1 kwa mwezi, na pasipo na vidonge vya 1, mgonjwa hukata cha 5 katikati: leo kizima, kesho nusu. Dawa imezwe asubuhi, baada ya kula, kwa sababu hata kotisoli ya mwili hupanda asubuhi. Wengi huchoka na nusunusu hizi wakaacha, na hiyo ndiyo hatua ninayoihofia kuliko zote. Tezi zinaweza kuchukua miezi sita, hata mwaka na zaidi, kurudi kazini. Kipimo cha kotisoli ya damu ya asubuhi kinatuonyesha zimefika wapi.

Uchovu, misuli kuuma, kichefuchefu na moyo mzito siku chache baada ya kupunguza mara nyingi ni mwili kuililia dawa, na hupoa ndani ya wiki moja au mbili. Kiwiko kile kile kikivimba tena, au vipele vile vile vikarudi, huo ni ugonjwa. Dalili zikizidi, mwone daktari. Huenda akakurudisha kwenye dozi ya mwisho uliyoivumilia, mkae hapo kwanza.

Wapo pia wanaomeza steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, bila kujua. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani, Kinshasa hadi Dar es Salaam, vingine ni deksamethasoni, ambayo miligramu 0.75 tu ni sawa na 5 za prednisoloni. Dada, kama umevitumia kwa miezi, usiache ghafla kwa kuona aibu. Nenda navyo hospitali, mweleze daktari. Na anayeanza dawa za kifua kikuu aseme anatumia prednisoloni, kwani rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huiondoa mwilini upesi.

Ukipata homa katika kipindi hiki cha kupunguza dawa, dozi huongezwa, mara nyingi maradufu, kwa siku chache. Muulize daktari wako mapema utafanyaje. Ukitapika kiasi kwamba kidonge hakikai, usisubiri kesho. Nenda hospitali usiku huo huo, uwaambie mapokezi kwamba unatumia steroidi na unahitaji sindano ya haidrokotisoni.