Mnataka kuwafariji watoto wodini Mkomaindo? Acheni soda, bebeni vifuniko vya chupa

Hiyo picha unaijua. Vijana kumi wenye fulana za kufanana wamezunguka kitanda, mama kakaa na mtoto mwenye dripu mkononi, pembeni katoni ya soda, biskuti na sabuni. Chini yake: "Leo tumewafariji watoto wetu." Laiki zinamiminika.

Mimi mwenyewe nilipiga picha kama hiyo nikiwa chuo, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Sikumbuki jina la mtoto hata mmoja.

Nia ni nzuri, hakuna anayebisha. Lakini kama mko Masasi au mnashuka kutoka Newala, na kikundi chenu kinapanga kwenda Hospitali ya Mkomaindo, kuna mambo ya kujua kabla hamjachanga hela.

Soda inaweza kumdhuru

Mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi chakula kingi siku za kwanza. Mwili wake hauwezi kukihimili. Anapewa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, tena kwa kipimo. Biskuti na soda yako vinavuruga hesabu yote hiyo.

Na usijidanganye kwamba utamtambua kwa macho. Mwenye kwashakoo anavimba, unaweza ukadhani ni mnene. Kitanda cha pili kuna anayesubiri upasuaji, hatakiwi kula kitu kabisa. Kwa hiyo chochote cha kutia mdomoni, mwulizeni muuguzi kwanza. Akikataa, msinune.

Mchezo ni sehemu ya tiba

Hapa ndipo vijana wengi wanashangaa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lina mwongozo wa hatua 10 za kumtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali. Hatua moja haina dawa wala sindano: ni upendo na michezo iliyopangwa, dakika 15 hadi 30 kila siku. Sababu ni kwamba njaa kali haikondeshi mwili peke yake, inachelewesha na akili. Mtoto anaacha kucheza, anaacha kutabasamu, anakuangalia tu.

Vifaa vyenyewe? Chupa ya plastiki yenye kokoto ndani iliyofungwa kwa nguvu, iwe njuga. Vifuniko vikubwa vya chupa vya kupanga na kubomoa. Boksi la kuvuta kwa kamba, iwe gari. Mwanasesere wa kitambaa. Yaani vitu ambavyo mtoto wa miaka kumi wa huku kwetu anajitengenezea mwenyewe nyuma ya nyumba. Angalizo mbili tu: kisiwepo kidogo cha kuingia mdomoni na kumkaba mtoto, na kila kitu kioshwe kwa sabuni kabla hakijapita kwa mwingine. Madoli ya manyoya yaacheni dukani.

Halafu kuna sindano. Utafiti mwingi uliokusanywa pamoja na taasisi ya Cochrane mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtoto akipotezwa mawazo wakati wa kuchomwa, maumivu anayosikia yanapungua. Hadithi inatosha. Kitendawili kinatosha. "Kitendawili!" "Tega!" Bei yake sifuri.

Na hapa kijana wa Masasi ana silaha ambayo hata mtaalamu kutoka mbali hana. Muuguzi anaweza kuwa katokea Mwanza au Moshi. Mtoto wa miaka 4 kutoka kijijini amezoea Kimakua, Kiyao au Kimakonde cha bibi yake. Wewe unavijua. Mwimbie.

Msisahau mama

Ulaya kulikuwa na zama ambazo mzazi aliruhusiwa kumwona mtoto wodini kwa saa chache tu. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa peke yake London, na Waingereza wakaanza kubishana. Ripoti ya serikali yao ya 1959 ikapendekeza wazazi waruhusiwe kukaa na watoto wao. Sisi mama analala na mwanawe kitanda kimoja, jambo ambalo wenzetu walihitaji filamu ili walione.

Ila huyo mama naye kachoka. Hawezi kwenda kuoga, kufua, wala kumpigia simu mumewe kwa utulivu. Mkimwambia, "Mama, nenda kaoge, sisi tupo naye," na muuguzi akiwa anajua, mtakuwa mmetoa zawadi kuliko katoni nzima.

Huku kusini jambo hili lina mizizi. Mkomaindo ilianzishwa na wamisionari Waanglikana wa UMCA kabla ya kuwa hospitali ya serikali. Kwa misheni hiyohiyo, mwaka 1935, alikuja Leader Stirling, daktari aliyefanya kazi Lulindi, baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Huyohuyo alikuwa Skauti Mkuu wa nchi. Hospitali na vijana wa kujitolea, mtu mmoja.

Kabla ya kwenda

Mwoneni mganga mfawidhi, kisha muuguzi mkuu wa wodi na afisa ustawi wa jamii. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani. Nendeni wanne, sio thelathini, na mikono ioshwe mlangoni.

Simu? Mfukoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa taarifa nyeti. Mama aliyepewa sabuni sasa hivi atakataaje picha? Pigeni picha ya midoli mliyotengeneza, inatosha kuwashawishi wachangiaji.

Na tarehe. Vikundi vingi vinakwenda Desemba, hela ya korosho ikiwa ipo. Malaria inawajaza watoto wodini mvua zikishakolea, miezi ambayo hakuna anayekuja. Changeni Novemba, mkae na hela, muanze zamu Februari, Jumamosi kwa Jumamosi, sura zilezile ili mtoto awazoee. Mkiona ni nyingi, anzeni na mbili, halafu mwulizeni muuguzi kama mrudi.