Vijinzi vya Matunda na Namna ya Kuviondoa Nyumbani

Wasomaji wengi watacheka kuona nimechagua kuandika habari za kijidudu ambacho urefu wake ni milimita mbili au tatu tu. Na wacheke, lakini bibi yangu huuza matunda barazani kwake, Mji Mkongwe, na fedha zangu za kurejea dakhalia kila muhula hutoka katika kapu lile. Wingu la vijinzi likitanda juu ya ndizi, mnunuzi hupita njia akaenda kwa jirani.

Yafaa kwanza tujue hutoka wapi. Wazee wetu wengi husema kuwa vijinzi huzaliwa na uozo wenyewe. Mtaliana mmoja, Francesco Redi, alilijaribu jambo hili kwa nyama mwaka 1668: chombo kimoja alikiacha wazi, chengine akakifunika kwa kitambaa chepesi, na mabuu yakaonekana katika kile cha wazi. Mimi nilitumia ndizi iliyomenywa papo hapo, nikaigawa katika chupa mbili za jemu. Siku ya tano chupa iliyo wazi ilikuwa na mabuu. Ile niliyoifunga kwa shashi ilikuwa na ukungu tu. Basi ni dhahiri kuwa nzi huja kutoka nje akataga.

Jike mmoja hutaga mayai mamia, na hupenda tunda linaloanza kuchacha, kwani buu hula hamira ile iletayo uchachu. Kwa joto letu, yai huwa nzi kamili kwa muda wa siku kumi hivi. Kwa hiyo anayepuliza dawa leo akawaua wanaoruka, na ganda la ndizi akaliacha chini ya meza, atawakuta wengine wiki ijayo. Tena dawa hiyo huangukia chakula. Mimi siipendi.

Dawa hasa ni kuwanyima pa kutagia. Oshe matunda yanapofika kutoka Darajani, lililopasuka liliwe siku ile ile, na taka zitoke kabla ya usiku. Watu husahau kitambaa kibichi cha kufutia meza, chupa ya soda yenye mabaki, na tope la karo. Humo pia huzaana. Chini ya kawa kijinzi hupenya pembeni, lakini shashi iliyofungwa vyema humzuia.

Waliobaki hunaswa kwa mtego. Tia siki kidogo katika gilasi pamoja na tone moja la sabuni ya maji, kisha weka juu yake karatasi iliyokunjwa kama ile ya njugu, yenye tundu dogo chini. Harufu humwita. Bila ya sabuni angeweza kusimama juu ya siki kwa miguu yake. Sabuni huilegeza ngozi ya maji, naye akazama.

Wala asidhani mtu kuwa mtego huu utamwokoa embe boribo mwenye mabuu ndani. Huyo ni nzi mwengine, mkubwa zaidi, aitwaye na wataalamu Bactrocera dorsalis. Asili yake ni Asia, na katika Afrika alitambuliwa mwanzo Kenya, mwaka 2003. Yeye hutoboa embe lingali mtini. Mabuu hutoka katika embe lililoanguka yakajificha udongoni mpaka yawe nzi. Kwa hiyo wenye mashamba yawapasa kuokota maembe hayo kila siku na kuyafukia chini kwa uchache nusu mita. Madume yake huvutwa na mafuta fulani yanayopatikana pia katika baadhi ya jamii za mrehani, na mitego huwekwa mafuta hayo.

Wako waulizao kwa nini asimalizwe kama alivyomalizwa mbung'o hapa Unguja. Mbung'o alikwisha kwa madume waliozalishwa Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi, wakamwagwa kwa eropleni tangu mwaka 1994. Jike akikutana na dume tasa hapati kizazi. Wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Lakini mbung'o hasafiri ndani ya tunda. Nzi wa embe hupanda chombo akiwa bado buu, na mwenye kapu hana habari naye.