Haki ya Washirika: Makato Kabla ya Mgawo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia namna watu wanavyochaguana kuwa washirika. Leo tuingie kwenye fedha, maana huko ndiko undugu mwingi unakovunjikia.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi hupumzika. Katika mialo mingi baharia hana mshahara. Samaki wakishauzwa, hutolewa kwanza mafuta, chakula na gharama nyingine, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri mwenye mtumbwi na mabaharia wake. Wengi hutazama mgawo tu. Mimi naona dhuluma hujificha kwenye makato.

Tuchukulie mauzo ni shilingi 600,000 na gharama halisi ni 150,000. Zinabaki 450,000. Tajiri anachukua nusu, 225,000, na mabaharia wanne wanapata 56,250 kila mmoja. Sasa tajiri aandike gharama 230,000. Mgawo bado ni nusu kwa nusu, lakini kila baharia anaondoka na 46,250. Fungu la tajiri nalo limepungua 40,000, ila 80,000 za uongo ziko mfukoni mwake. Baharia akihisi hivyo, naye huuza ndoo mbili tatu ziwani kabla ya kufika mwaloni. Tajiri humwita mwizi, na safari inayofuata kila mmoja anamvizia mwenzake. Nani atavuta wavu kwa moyo hapo?

Wakulima wa pamba wa Usukuma waliyajua haya mapema. Kilio chao kikubwa kwa wanunuzi kilikuwa mizani, na kilio hicho kilisaidia kuzaa vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, viliungana Mwanza kuwa Shirikisho la Victoria. Katika vyama hivyo walijituma kwa moyo, kwa sababu walishuhudia pamba yao ikipimwa. Inaumiza kwamba baadaye lawama za makato na malipo ya kuchelewa zilivigeukia vyama vyenyewe nchini, hata serikali ikaunda kamati ya uchunguzi mwaka 1966.

Hapa Mabatini, Mwanza, watu wawili wakichanga mtaji wa kununua dagaa Mwaloni Kirumba, mara nyingi hawaandiki chochote. Wajue basi kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inawajazia pengo hilo. Pasipo makubaliano mengine, faida na hasara hugawanywa sawa, hata kama mmoja alileta mtaji mkubwa zaidi. Tena mshirika hana haki ya kudai ujira kwa kazi anayoifanyia biashara yao. Anayedamka alfajiri kwenda Mwaloni kila siku, huku mwenzake amelala, hana anachoweza kudai zaidi ya nusu yake. Akitaka jasho lake lihesabiwe, alitaje siku ya kuchanga, na liandikwe pamoja na nauli, magunia na ushuru, mbele ya wote wawili.

Wiki ijayo: mshirika anapotaka kujitoa.